Laptopu haikai na chaji: tafuta mkosaji kabla hujanunua betri

"Fundi, betri imekufa, niwekee nyingine." Ukitengeneza kompyuta hapa Dar es Salaam, maneno hayo unayasikia mpaka yanazoeleka. Lakini betri husingiziwa sana. Mara nyingi kosa ni la chaja, la waya, la soketi ya ukutani, au la mpangilio fulani ndani ya kompyuta ambao mwenye mali hajui hata kama upo. Na ikiwa kweli ni betri, basi kuna kilichoiua, na kisipojulikana kitaiua na hiyo mpya.

Nimepanga kwa dalili. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye dalili yake. Sababu zinaanzia na ile ninayokutana nayo sana na kuishia na ya nadra, na kipimo kisichotaka hela wala bisibisi ndicho kinachotangulia. Ila sehemu ya kwanza isome hata kama leo haikuhusu.

Betri imevimba: hapa hakuna kujaribu

Dalili hii haiji na tangazo kwenye kioo. Utaona padi ya kugusa imekuwa ngumu kubofya, au imenyanyuka upande mmoja. Mfuniko haufungi ukakaza. Ukiiweka laptopu juu ya meza ya kioo inacheza, kona moja haigusi chini. Wengi hudhani padi imeharibika, wanaileta ibadilishwe. Unafungua mfuniko wa chini na kukuta pakiti za betri zimefura, zimeisukuma padi kutokea ndani.

Kilichomo mle ni gesi. Kimiminika kilicho ndani ya seli za lithiamu huchakaa kwa joto na kwa kukaa kimejaa chaji muda mrefu, kikatoa gesi isiyo na pa kutokea. Ukiona hivyo:

- Chomoa chaja, zima kabisa. Hakuna cha "ngoja nimalizie ripoti hii".
- Usiibonyeze irudi ndani, na usikubali ushauri wa kuitoboa kwa sindano ili itoe hewa. Seli iliyotobolewa inaweza kuwaka papo hapo.
- Kama betri ni ya kutoa kwa nje, itoe taratibu, iweke nje ya nyumba kwenye chombo cha chuma au chungu chenye mchanga mkavu. Kama ni ya ndani na hujawahi kufungua laptopu, mpelekee fundi.
- Usiitupe kwenye takataka zitakazochomwa moto. Mpe fundi au wakusanyaji wa taka za kielektroniki.

Ikianza kutoa moshi au kufoka, usihangaike kuokoa kazi zako. Toa watu chumbani, usivute ule moshi maana una sumu, kata umeme kwenye swichi kuu ukiweza kuifikia, kisha piga Zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114.

Ukichomeka hakuna taa, hakuna alama, kimya

Anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama inapeleka moto. Kama unatumia ekstensheni, iruke, chomeka ukutani moja kwa moja. Ekstensheni za bei ya chini zina vipande vya shaba vinavyolegea baada ya miezi michache, plagi inaingia lakini haishiki.

Kisha angalia ule waya mnene unaotoka ukutani kwenda kwenye kiboksi cha chaja. Una kichwa cha kuchomoka, na hulegea taratibu bila mtu kugundua. Usukume mpaka mwisho. Ukiwa na mwingine wa aina hiyo wenye matundu matatu, badilisha ujaribu. Nimeona watu wakinunua chaja nzima kumbe tatizo ni huo waya, ambao huuzwa peke yake kwa bei ndogo.

Waya mwembamba wa upande wa pili hukatikia ndani, karibu na kichwa kinachoingia kwenye laptopu au pale unapotokea kwenye kiboksi. Chanzo ni kuuzungusha kwenye kiboksi kwa kukaza kila unapofunga begi. Chomeka, ukunje kidogo sehemu hizo huku ukiangalia taa. Ikiwaka na kuzima, nyuzi za ndani zimekatika. Usizungushie selotepu ukaendelea, kwa sababu nyuzi chache zilizobaki ndizo zinazobeba mzigo wote, na hapo ndipo plastiki inapoanza kuyeyuka.

Chaja yenyewe hufa mara nyingi siku umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa, ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Ili kuhakikisha, azima chaja ya mwenzako. Volti lazima zilingane: Dell na HP nyingi ni 19.5, Lenovo nyingi 20, Acer na ASUS nyingi 19. Wati zikiwa kubwa kuliko za kwako hakuna ubaya, laptopu huchukua inachohitaji tu. Volti zikizidi, hapo unaunguza bodi.

Tundu la chaji nalo limulike kwa tochi ya simu. Kama kichwa kinacheza ndani au kuna weusi wa kuungua, acha kuchomeka. Kwenye tundu la Type-C hujaa vumbi na nyuzi za mfuko wa begi, kiasi kwamba kichwa hakifiki mwisho. Zima laptopu, toa uchafu kwa kijiti cha mbao. Usitumie sindano wala pini.

Zoezi la mwisho la nyumbani: chomoa chaja, kama betri ni ya nje itoe, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha, chomeka. Hilo humaliza chaji iliyoganda kwenye bodi na huamsha mashine ambazo tayari zilikuwa zimekatiwa tamaa. Laptopu iliyokaa kabatini miezi mingi iache kwenye chaja yake halisi kwa saa nzima kabla ya kuihukumu.

*Simama hapa:* chaja mbili nzima zimejaribiwa na bado kimya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita ya kupimia umeme. Na asitokee mtu wa "kuistua" betri kwa kuipa umeme moja kwa moja kwenye nyaya. Seli ya lithiamu iliyokaa chini ya volti 2.5 kwa muda mrefu huwa imeharibika ndani, na saketi yake ya ulinzi imeifunga kwa sababu. Ukiilazimisha inaweza kuchaji vizuri leo na kuwaka wiki ijayo.

Inasema imechomekwa ila haichaji, au inagota kwenye asilimia 60 au 80

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu wengi huondoka bila kulipa kitu.

Kinachoongoza ni ulinzi wa betri: laptopu imewekewa ukomo isijae kabisa. Lenovo wana kitu kinaitwa Conservation Mode ndani ya programu ya Vantage. ASUS wameweka ukomo wa 60, 80 au 100 kwenye MyASUS. Acer wana ukomo wa 80, Dell na HP wameweka mipangilio yao hata kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya laptopu, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), na MacBook hujifunza ratiba yako ikasimama 80 yenyewe. Laptopu za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai huja na ukomo huo umeshawekwa na mwenye nazo wa kwanza. Si ugonjwa. Uache kama ulivyo, na ukitaka kusafiri uondoe siku moja kabla.

Ikiwa inagota 95 au 97, hilo nalo ni la kawaida kwa mashine nyingi. Haianzi kuchaji upya mpaka ishuke kidogo, ili isiwe inapanda na kushuka siku nzima.

Ya pili ni kwa wenye Dell, na HP zenye kichwa cha bluu. Mulika ndani ya kichwa cha chaja: katikati kuna sindano nyembamba. Kazi yake si kupeleka umeme, ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Ikipinda, ikikatika, au waya wake ukiachia ndani, laptopu itawaka na kufanya kazi lakini itakataa kuchaji, na itajipunguza kasi. Dell huandika kabisa wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haijulikani. Bonyeza F2 inapowaka uingie BIOS, utaona imeandika wati ngapi. Ikiandika Unknown, tafuta chaja nyingine kabla ya kugusa betri. Chaja za kuiga huanguka sana kwenye mtihani huu.

Ya tatu ni joto. Seli zikifika karibu nyuzi 45 za Selsiasi, mashine nyingi husimamisha chaji kwa makusudi. Iliyotoka kwenye gari lililoegeshwa juani, au iliyokuwa inacheza gemu juu ya godoro, ipumzishe nusu saa mahali penye hewa ndipo uchomeke tena.

Ya nne, programu ya Windows inayosimamia betri imechanganyikiwa. Fungua Device Manager, sehemu ya Batteries, ondoa kile kilichoandikwa Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery, zima, washa. Windows itakirudisha yenyewe. Baada ya hapo ndipo tunaweza kuanza kuishuku betri au saketi ya kuchajia kwenye bodi, na hilo halipimwi nyumbani.

Inachaji kwa kusuasua, au asilimia zinashuka huku imechomekwa

Karibu kila mara chaja ni ndogo. Mtu ana laptopu iliyokuja na chaja ya wati 90 au 130, ikapotea, akanunua ya 45 kwa sababu kichwa kiliingia. Akiandika barua inatosha. Akifungua programu ya kuhariri video, mashine inakula zaidi ya inachopewa, na pengo linazibwa na betri. Soma maandishi mgongoni mwa chaja: zidisha volti kwa ampea upate wati. 19.5 mara 3.34 ni kama 65.

Kwenye Type-C kuna mitego zaidi. Chaja ya simu iliyoandikwa wati 67 huenda inazitoa kwa simu za kampuni yake tu, na ikikutana na laptopu inarudi kwenye wati chache. Laptopu nyingi zinataka chaja inayoweza kutoa volti 20 kwa mfumo wa Power Delivery. Waya nao una kauli yake: wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu ndani. Ukiwa na chaja ya 100 na waya wa simu, unapata 60 au pungufu. Na si kila tundu la Type-C kwenye laptopu linapokea chaji. Tafuta lenye alama ya umeme au ya plagi pembeni.

Wanaochajia kwenye jenereta ndogo au inveta za gari wasikilize kiboksi. Kikiunguruma na kupata moto kuliko kinavyopata ukutani, umeme huo si safi. Usikiache hapo usiku kucha.

Inazima ghafla ikiwa bado ina 30

Hapa kuna watuhumiwa wawili, na wanafanana.

Wa kwanza ni hesabu iliyopotoka. Asilimia unazoziona hazipimwi kama maji kwenye ndoo. Chipu ndani ya betri inakadiria kwa kuhesabu umeme unaoingia na kutoka. Kama hujawahi kuishusha sana kwa miezi mingi, makadirio yanakwenda kombo. Dawa: ondoa ukomo wowote uliowekwa, jaza hadi 100, iache kwenye chaja saa mbili zaidi, chomoa, itumie mpaka ijizime yenyewe, iache ipoe kidogo, kisha ijaze tena bila kukatisha. Mara moja kwa miezi mitatu inatosha kabisa. Kuna wanaolifanya kila wiki wakidhani wanaitunza betri, na wanaichakaza.

Wa pili ni seli dhaifu. Betri iliyoandikwa 11.4 V ina seli tatu zimeungwa kwa mfululizo. Moja ikichoka kuliko wenzake, ukifungua kitu kizito volti zake zinaporomoka, na saketi ya ulinzi inakata umeme wote bila kuuliza zile mbili zina nini. Utaitambua kwa jinsi inavyozima: inazima unapofungua kitu kizito au unapopandisha mwangaza, na ukichomeka chaja inaonyesha bado 28 au 30. Zoezi la juu lisipobadili kitu, betri ibadilishwe nzima. Kubadilisha seli moja ndani ya pakiti ni kazi inayotangazwa mitaani, lakini seli mpya na nzee hazichaji sawasawa, na chipu nyingi hujifunga seli zikiondolewa.

Inaisha haraka

Kabla ya kulaumu chochote, pata namba. Kwenye Windows tafuta cmd, dirisha la kuandikia amri, ifungue, andika:

`powercfg /batteryreport`

Itakuambia imehifadhi faili wapi. Lifungue kwa kivinjari na utafute mistari mitatu: Design Capacity ni uwezo betri ilipotoka kiwandani, Full Charge Capacity ni uliobaki leo, na Cycle Count ni mizunguko. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Ukipata 0.8 kwenda juu, betri ni nzima, tatizo lako liko kwenye matumizi. Kati ya 0.6 na 0.8 imezeeka lakini ina maisha. Chini ya nusu, anza kuweka akiba. Kwenye MacBook ingia System Settings, Battery, usome Battery Health.

Mzunguko mmoja ni chaji ya asilimia 100 kwa jumla, hata kama umeigawa: kutumia 50 leo na 50 kesho ni mzunguko mmoja. Betri nyingi za laptopu hufika mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka kwenye 80 hivi. MacBook nyingi za tangu 2010 zimetengenezewa 1000. Lakini usidanganywe na mizunguko michache. Laptopu ya ofisini iliyokaa mezani miaka minne imechomekwa mchana na usiku inaweza kuonyesha mizunguko 60 na betri ikawa imechoka kabisa, au imevimba. Haikutumika, ila ilikaa imejaa, kwenye joto, siku zote hizo.

Hapo ndipo palipo na jambo lenyewe. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, betri haziuawi na kuchaji mara nyingi. Zinauawa na kujaa pamoja na joto. Seli za aina hii zikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 zikiwa zimejaa, hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake. Zikikaa kwenye joto hilohilo na chaji ya 40, hubaki na takriban 85. Zikikaa kwenye nyuzi 25 na chaji hiyo ya 40, karibu 96. Laptopu ikiwa imechomekwa juu ya kitanda, feni imezibwa na shuka, hizo nyuzi 40 inazifikia bila shida.

Kwa hiyo tabia za kubadilisha si nyingi. Weka ukomo wa 80 kama unashinda na umeme. Kama mashine yako haina ukomo, chomoa ikifika juu, chomeka ikikaribia 20 au 30, na usijitese kwa kuvizia namba. 85 leo haitaua mtu. Chajia juu ya kitu kigumu. Puliza vumbi kwenye feni, hasa kama unaishi barabara ya vumbi. Usiiache kwenye gari. Ile sheria ya kuchaji betri mpya masaa nane kabla ya kuitumia, na ile ya kuisubiri iishe kabisa ndipo uchaji, ni za betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu, kuimaliza hadi sifuri kila siku ni kuizeesha.

Kama namba zilionyesha betri ni nzima, basi mla chaji yuko ndani. Mwangaza wa kioo unaongoza. Ushushe hadi nusu uone tofauti. Kinachofuata ni kivinjari chenye tabo arobaini, nyingine zikicheza video kimyakimya. Fungua Task Manager, panga kwa CPU, uone nani yuko juu wakati wewe hufanyi kitu. Mara nyingine ni masasisho ya Windows, yaache yamalize ukiwa kwenye umeme. Mara nyingine ni programu ya bure iliyopakuliwa mahali pasipoeleweka, inayochimba sarafu za mtandaoni kwa gharama ya betri yako na umeme wako wa LUKU; feni ikivuma muda wote bila kazi, skani virusi. Wenye kadi ya picha ya ziada waangalie kama inawashwa na programu zisizoihitaji.

Umeifunga na 90 jioni, asubuhi ina 40

Laptopu nyingi za sasa zikifungwa mfuniko hazilali kama za zamani. Zinasinzia, zikipokea barua pepe na masasisho. Andika `powercfg /a`. Ukiona S0 Low Power Idle kwenye orodha ya juu, ya zinazopatikana, ndiyo hiyo. Mbaya zaidi, inaweza kuamka ndani ya begi, ikavuma humo bila hewa, ukaitoa ina moto.

Andika `powercfg /hibernate on` kwenye cmd iliyofunguliwa kama msimamizi, kisha kwenye Power Options chagua mfuniko ukifungwa iingie Hibernate, yaani ihifadhi kazi zako kisha izime. Itachukua sekunde chache zaidi kuwaka. Kama inapoteza chaji hata ikiwa imezimwa kabisa, zima Fast Startup, na ukague BIOS kama tundu la USB limewekwa lichaji simu hata laptopu ikiwa imezimwa. Ikiendelea baada ya yote hayo kwa kasi ya asilimia kumi au zaidi kwa usiku, kuna kitu kinavujisha umeme kwenye bodi. Mpe fundi.

Inatekenya mkono, au mshale unarukaruka ikiwa kwenye chaja

Ukigusa mfuniko wa chuma unahisi kama mtekenyo, na padi inakuwa na wazimu mpaka uchomoe. Sababu ya kwanza ni kukosa ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Plagi zetu za pini tatu za mraba zina pini ndefu ya juu, hiyo ndiyo ethi, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Laptopu za mtumba kutoka Ujerumani na majirani zake huja na plagi ya pini mbili za mviringo. Basi mtu anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, anaingiza zile pini mbili kwa nguvu. Inawaka. Lakini ethi ya plagi ile iko kwenye vibati vya pembeni, haigusi chochote kwenye soketi yetu, na pini zenyewe hazishiki vizuri, ndiyo maana unasikia chechechee. Nunua waya wa pini tatu unaoingia kwenye kiboksi hichohicho. Kalamu irudi kuandikia.

Kama waya ni sahihi na bado inatekenya, huenda soketi haina ethi ndani ya ukuta. Jaribu kwenye nyumba nyingine. Ikitulia huko, mwite fundi umeme mwenye leseni, si fundi kompyuta. Na ikiwa si mtekenyo bali ni shoti ya kukurusha mkono, chomoa kwa kuzima swichi kwanza, na chaja hiyo usimpe mtu mwingine.

Betri ni mpya, na nayo haikai

Umebadilisha miezi mitatu iliyopita na imerudi palepale. Kwanza rudi kwenye joto na mwangaza hapo juu. Kisha ujue kwamba betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Iliyokaa stoo ya bati miaka mitatu ni mpya kwa nailoni tu.

Pia kuna za kuiga. Lebo huwasaliti: volti mara ampea-saa lazima zitoe wati-saa zilizoandikwa. 11.4 mara 3.95 ni 45. Lebo ikisema 11.4 V, 3950 mAh na 65 Wh, aliyeichapa hakupiga hesabu. Ukubwa nao husema. Ikiwa betri inaahidi uwezo maradufu ya ile ya asili na umbo ni lilelile, ongezeko hilo limekaa wapi? Jina la kampuni kwenye lebo halithibitishi kitu, stika zinachapishwa popote.

Namba ya betri isome kwenye betri yenyewe ya zamani, si kwenye jina la laptopu, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na betri za aina mbili zenye viunganishi tofauti. Ukiagiza kwa mtu anayetoka Dubai, mwambie aibebe kwenye begi la mkononi. Betri ya akiba hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini wa ndege, na ya chini ya 100 Wh haina matatizo kabinini.

Dukani, omba iwekwe na ripoti itolewe mbele yako kabla ya kulipa. Full Charge Capacity iwe karibu sawa na Design Capacity, na mizunguko iwe sifuri au michache sana. Zote mbili zikilingana kabisa hadi tarakimu ya mwisho usishangilie bado, chipu za kuiga huandika wanachotaka. Ichaji ijae, chomoa, cheza video dakika 30, angalia imeshuka kiasi gani. Iliyoshuka 40 kwa nusu saa haina 45 Wh ndani yake. Chukua risiti iliyoandikwa namba ya betri na muda wa dhamana, na ile ya zamani mwachie fundi, usiibebe nyumbani ikaenda kuwa mchezo wa watoto.